Dodoma mpaka Bujora: nilivyofuata vazi la Kisukuma mpaka lilipo

Nimerudi wiki iliyopita, naandika hii nikiwa naangalia picha za kwenye simu na kale kadaftari kangu ka vipimo, maana safari nzima nauli na bei za chakula nilikuwa naziandika pembeni ya viuno na mabega ya wateja. Mi ni fundi cherehani, nashona Dodoma, na siku hizi kazi inayolipa ni nguo za sendofu na kupamba bibi harusi kiasili. Sasa kila mtu wa kanda ya ziwa anakuja na picha kwenye simu anasema fundi nataka ya Kisukuma, ukiifungua hiyo picha unakuta shanga za Kimasai, kitenge cha Ghana na taji la plastiki lenye manyoya. Wengi nilikuwa nawashonea tu maana pesa ni pesa. Huyu wa mwezi wa sita alinitisha kidogo, ukoo wake wote ni wa Magu, bibi zake wanakuja ukumbini, na bibi wa Magu huwezi kumdanganya na manyoya ya kuku. Basi nikafunga kibanda, nikamwambia kijana wangu apokee tu kazi za zipu na kupunguza suruali, nikaondoka kwenda Bujora, kule Mwanza, kwenye makumbusho ya Wasukuma.

Alhamisi: Dodoma – Mwanza

Nauli ya basi nimelipa 45,000, kukata tiketi siku moja kabla. Tulitoka alfajiri. Manyoni tumepita nikiwa nimelala, Singida tukasimama dakika kumi za kuchimba dawa na kununua kuku, robo kuku na ndizi mbili 6,000, kuku mgumu kweli ila mtamu. Mlima Sekenke tukaushuka vizuri, dereva alikuwa mstaarabu. Tumeshaumaliza mlima, Igunga bado kidogo, tairi la nyuma likapasuka. Sawa, matairi yanapasuka, lakini kumbe spea nayo haina upepo, na jeki ikabidi iazimwe kwenye lori. Tukakaa chini ya migunga masaa mawili na nusu, jua linawaka, konda kila akiulizwa anasema "tayari, bado kidogo tu mama".

Hapo ndo nikajuana na mama mmoja aliyekuwa siti ya nyuma yangu. Alifungua mfuko wa rambo akatoa matobolwa (wa Dodoma msiojua, ni viazi vitamu vilivyochemshwa halafu vikakatwa na kuanikwa, unatafuna kama unatafuna biskuti ya zamani) akagawa kwa kila aliyekuwa kwenye kivuli chetu, mpaka yule konda tuliyekuwa tunamsema. Akaniuliza, unaenda kwa nani huko Mwanza? Nikamwambia siendi kwa mtu mama, naenda makumbusho Bujora. Akanitazama. "Makumbusho tu? Umetoka Dodoma kwenda kuangalia vitu vya wazee?" Nikamweleza habari ya bibi harusi, akacheka mpaka akajifuta macho na khanga, akasema basi umepata bahati, Jumapili hii ni Bulabo (ile sikukuu ya ngoma ya Bujora), usiondoke kabla ya Jumapili, nguo utaziona zinatembea zenyewe.

Akanifundisha na salamu. Asubuhi mwangaluka, jua likishapanda mwadela, ukishukuru unasema wabeja. Nilizitumia safari nzima, na nawaambia zinafungua milango kuliko pesa.

Tulifika stendi ya Nyegezi saa nne usiku badala ya jioni. Mimi gesti niliyokuwa nimepewa na rafiki yangu iko mjini, na usiku ule wenye bajaji walikuwa wanataja 10,000 bila hata kupepesa. Yule mama alikuwa anasubiriwa na mtoto wa dada yake mwenye bajaji, akamwambia mpeleke kwanza huyu mgeni ndo urudi unichukue. Yaani yeye akabaki amekaa juu ya mizigo yake stendi usiku ule. Nilipotaka kumlipa yule kijana alikataa, akasema mama mkubwa atanisema.

*Kwa wanaokuja: mabasi siku hizi yanatembea na usiku, lakini njia hii mchana ndo unaiona nchi. Beba maji ya kutosha na kitu cha kutafuna, kati ya Singida na Igunga ukikwama hakuna duka.*

Ijumaa: Mwanza mjini

Siku ya kuzunguka madukani tu. Nilishuka Pamba Road na mitaa ya karibu na Soko Kuu kutafuta kaniki. Wenye maduka vijana wengi hawaijui, wananionyesha kitambaa cheusi cha sare za shule. Mwishoni mzee mmoja wa Kihindi akaniitia kijana wake, akatoa kaniki kutoka rafu ya chini kabisa, pea 14,000, ile yenyewe ya bluu inayokaribia nyeusi, ukiisugua na kidole kilicholowa inatoa rangi. Akasema wanunuzi wake ni waganga, wacheza ngoma na wamama wazee wa vijijini, basi. Nilichukua pea mbili.

Kitu kilichonichoma ni kwamba huku ndo kwenyewe kwa pamba. Usukuma ndo umelima pamba nyingi ya nchi hii, na Mwanza palikuwa na kiwanda cha Mwatex kinachotengeneza kanga na vitenge, mama zetu wameolewa navyo. Leo nazunguka kwenye barabara yenye jina la pamba natafuta kitenge cha pamba tupu, na kila ninachoshika ni poliesta kutoka China. Haya, tuendelee.

Jioni sato wa kukaanga na ugali pembeni ya ziwa, 9,000, samaki anazidi sahani pande zote. Nikakaa naangalia zile nyumba zilizopandiana kwenye mawe mpaka taa zikawaka.

Jumamosi: Kisesa na Bujora

Daladala za Kisesa zipo mjini, konda anaita "Buzuruga Nyakato Igoma Kisesa" kwa pumzi moja. Kuwa makini, nyingine zinaishia Igoma halafu unaambiwa shuka upande nyingine. Mimi nililipa 800. Ni barabara ya Musoma, lami safi, foleni ni Mabatini na Buzuruga tu, ukitoka hapo upepo unapuliza. Kisesa ni senta iliyo ndani ya wilaya ya Magu lakini kwa sasa imeungana kabisa na jiji. Kutoka lami unapanda kidogo na barabara ya vumbi, boda 1,000. Ukiwa na miguu mizuri tembea, sio mbali.

Bujora ni parokia na makumbusho kwa pamoja, juu ya kilima chenye mawe. Nililipa kiingilio (Watanzania tunalipa kidogo sana ukilinganisha na wageni wa nje, uliza getini, na mwongozaji mpe cha kwake pembeni) nikapewa kijana wa kunizungusha, mpole, anaongea taratibu, Msukuma wa hapohapo.

Aliyeanzisha ni padre wa Kikanada, David Clement, mtu wa Quebec wa shirika la White Fathers, Wasukuma wakamwita Fumbuka. Alikaa na wazee, akakusanya nyimbo, hadithi, vifaa, miaka ya 1950 akajenga kanisa, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Ukumbuke 1963 serikali ilikuwa imeshafuta utawala wa machifu, kwa hiyo ngoma za watemi na viti vyao vilikuwa vimebaki havina kazi ya utawala tena. Mi naona visingekusanywa wakati ule, vingi vingeishia jikoni kama kuni.

Kanisa lenyewe la duara kama msonge. Ndani altare ina umbo la kiti cha mtemi, na tabernakulo ni kanyumba ka Kisukuma. Mimi sio Mkatoliki ila nilikaa humo muda. Kijana akanisimulia pia hadithi ya Masala Kulangwa, yule kijana aliyeliua lile zimwi Shing'weng'we lililokuwa limemeza watu wote, akalipasua wakatoka wazima, na jinsi padre alivyoitumia kuwaelezea watu habari za Kristo. Ujanja wa mtu aliyesikiliza kwanza kabla hajahubiri.

Jengo la watemi nalo limejengwa kwa umbo la kiti cha kifalme, kubwa, unaingia ndani ya kiti. Humo kuna ngoma, viti, ngao, mikuki, na vitu vya kuvaa watemi. Hapa ndo nikatoa daftari. Mavazi ya mtemi ni ngozi, ngozi ya simba hasa, na kichwani au kwenye paji la uso kile kisahani cheupe kinachokatwa kwenye konokono wa baharini. Bahari iko wapi na Kisesa iko wapi! Vilikuja na misafara. Wanyamwezi na Wasukuma ndo walikuwa wapagazi wakubwa, walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakarudi na shanga, waya wa shaba, kaniki na amerikani (kile kitambaa cheupe cha pamba). Na ile amerikani ni kweli ilitoka Marekani, wafanyabiashara wa Salem kule Massachusetts walikuwa wanaileta Zanzibar kwa meli. Kwa hiyo "kiasili" ninachotafuta mimi kina bahari mbili ndani yake.

Nikamuuliza kijana, hiki kisahani nikimtengenezea bibi harusi cha plasta nikapaka nyeupe, kuna ubaya? Akanyamaza kidogo. Akasema, "Dada, wewe ukishona nguo ya sherehe utamvalisha bwana harusi magwanda ya jeshi?" Nikasema hapana, atakamatwa. "Basi hapa hutakamatwa, lakini wazee watakuona."

Nikaandika: *taji HAPANA*. Imepigiwa mstari mara mbili.

Kwenye jengo la ngoma ndo nilikaa sana, mpaka kikundi cha wanafunzi kikanipita kikaja kikanikuta tena. Kuna vifaa vya pande mbili, Bagika na Bagalu. Chanzo chake ni waganga wawili, Ngika na Gumha, walioshindana karne ya 19 nani mkali, wafuasi wao wakaendelea kushindana mpaka leo. Ni kama Simba na Yanga, mtu anazaliwa tayari ana upande. Ngoma zenyewe nyingi: bugobogobo ya wakulima na majembe yao, wanaocheza na nyoka, wawinda nungunungu, na kila kundi na mavazi yake. Njuga, manyoya, ngozi, mikanda ya shanga.

Kulikuwa na mkanda mmoja wa shanga, upana wa viganja viwili. Nikaomba kuona upande wa ndani, kijana akashangaa, akasema wageni wote wanataka kupiga picha kwa mbele. Akaugeuza polepole. Jamani. Nyuma ni kitambaa cha pamba kizito kilichokunjwa pindo mara mbili, shanga hazikubandikwa, zimeshonwa mstari kwa mstari, kila baada ya shanga nne sindano imerudi nyuma ikazamisha uzi kwenye kitambaa ndo ikaendelea, kwa hiyo uzi ukikatika sehemu moja zinadondoka nne tu, mstari wote haumwagiki. Sisi kwa haraka zetu tunatunga uzi mrefu, tunaushikiza miisho, siku ya sherehe bibi harusi akikaa vibaya shanga zinatawanyika ukumbini. Na pembeni kuna kipande kimetengenezwa upya, bluu ilimwishia fundi akajaza kwa kijani, lakini akaenda kuweka kijani hichohicho na upande wa pili ili mkanda uonekane ulikusudiwa. Huyo fundi, popote alipo, ningempa kibanda changu.

Halafu niliona kitu ambacho fundi yeyote atakielewa. Shanga hazizeeki. Ni uzi na kitambaa ndo vinakufa, unyevu wa ziwa, wadudu, jua la dirishani, mikono ya watu. Kutunza nguo ni kazi ngumu kuliko kutunza mkuki, mkuki unaupaka mafuta unaulaza. Kwa hiyo tafadhali, ukienda usishikeshike, omba ugeuziwe na wenyewe.

Kuna na nyumba ya mganga, iduku, yenye vifaa vya uganga na vile vitu vya kuvaa vinavyounganisha mtu na mababu zake, shitongelejo. Huko sikuchora kitu. Kuna nyumba ya Kisukuma na mawe ya kusagia, mahali pa mhunzi, na mchoro ukutani wa kuhesabu moja mpaka kumi ambapo kila rika lilikuwa na maneno yake ya kuhesabia, watoto yao, wazee yao. Nimeupiga picha, bado sijauelewa wote.

Mchana nilikula kwa mama ntilie chini ya kilima, ugali wa muhogo, mlenda na dagaa, 2,500. Gesti Kisesa 15,000, maji ya ndoo, chandarua kipo. Pale juu Bujora kwenyewe kuna vyumba ila kwa wiki ya Bulabo vilikuwa vimejaa.

Jumapili: Bulabo

Bulabo inakwenda na sikukuu ya Ekaristi, mwezi wa sita, baada ya mavuno. Misa asubuhi, maandamano yenye maua, na ngoma za watemi zinapigwa. Ile sauti inaingia kifuani kabla haijaingia masikioni. Wazee wengi walivaa suti na kofia. Wamama walivaa kitenge, ila wachache wazee sana walikuwa na kaniki, wamefunga begani upande mmoja, na hapo nikaona kosa la picha zote za mtandaoni, wanafunga kifuani kama taulo. Nilimwomba bibi mmoja anionyeshe. Hakujua Kiswahili vizuri, mjukuu wake akatafsiri. Akaifungua kaniki yake hapohapo mbele za watu (ndani alikuwa na gauni) akanifunga mimi. Ncha moja inapita chini ya kwapa la kulia, nyingine inatoka mgongoni, zinakutana juu ya bega la kushoto, fundo dogo, halafu unavuta mkunjo mmoja mbele ili mkono utoke. Akanipigapiga bega akasema "ng'wanawane" (mwanangu), watu wakapiga vigelegele. Video ninayo, mjukuu alichukua.

Mchana uwanjani sasa. Kwanza watu, sijawahi. Baiskeli, boda, malori ya Fuso yamejaa watu wanaimba. Bagika upande mmoja, Bagalu upande mwingine, wanacheza kwa wakati mmoja, na anayeshinda ni aliyevuta watu wengi. Hakuna jaji mwenye karatasi. Kwa hiyo kila upande unafanya vituko ili watu wahame: upande mmoja wakatoa chatu mzima, mchezaji akamvaa shingoni akalala naye chini, umati wote ukakimbilia huko, wale wa upande wa pili manju wao (mwimbishaji wa kundi) akapanda juu ya ngoma akaanza kuwaimba waliokimbia kwamba ni waoga wa mvua wanaokimbilia mti wenye nyuki, watu wakacheka wakarudi. Nilihama kama mara sita, vumbi mpaka kwenye kope.

Na mavazi? Kijana ana njuga miguuni na mkanda wa shanga umepishana kifuani, ule ushonaji wa nne nne, na chini amevaa bukta ya mpira na sketi ya kanga iliyokatwa vipande. Mwingine ana miwani ya jua, filimbi na jezi ya timu ya Uingereza. Manju amevaa koti la suti lililoshonewa simbi kwenye kola. Nilitaka kukasirika mwanzoni, nikasema mbona wameharibu. Nikakumbuka kaniki na amerikani na konokono wa baharini. Hawa watu siku zote wamekuwa wakichukua kinachopita njiani wanakivaa kwa namna yao. Wanachokishikilia ni namna ya kufunga, nani avae nini, na shanga zikae wapi. Tangu hapo nikaacha kuangalia jezi, nikaangalia mafundo.

*Ya pembeni kuhusu uwanjani: pesa weka soksi, simu weka ndani ya nguo. Nyama choma mshikaki mmoja 500, hakikisha unatoka motoni. Boda jioni ni mara mbili ya bei ya kawaida, na usibishane, watu ni wengi. Maziwa mgando ya pale chini ya mwembe ni mazuri, kibuyu safi, kikombe 1,000.*

Jumatatu: kwa mayu wa mashuka

Mwenye gesti aliposikia ninachofanya akaniambia nenda kwa mayu (mama kwa Kisukuma) fulani, nyuma ya soko, anadarizi. Nilimkuta kwenye mkeka barazani, fremu mbili za mianzi, shuka jeupe limetandazwa mapajani. Mwangaluka mayu. Akaitika, akaniuliza habari za Dodoma, mvua, mahindi, watoto, ndo tukaingia kwenye kazi.

Anadarizi mashuka na vitambaa vya makochi, yale mnayoyajua yenye ua, jogoo, na maandishi "Karibu Mgeni", "Lala Salama". Kitambaa ananunua amerikani kwa mita. Anachora kwa penseli bila karatasi ya kaboni, mkono tu, halafu mshono wa mnyororo kwa mzunguko wa nje na ndani anajaza kwa nyuzi ndefu zinazolala pamoja. Shuka moja na foronya mbili anakaa nalo wiki mbili mpaka tatu, anauza 60,000, na watu wanamwomba apunguze. Alijifunza kwa masista akiwa msichana. Nikamuuliza kama Bujora wana shuka lake. Akacheka, "Shuka? Hilo ni la kulalia!"

Mimi nadhani wangeliweka. Sio leo, lakini wangeliweka. Miaka hamsini mbele mtoto atauliza bibi yetu alitandika nini, na kila nyumba ya kanda ya ziwa niliyowahi kuingia ilikuwa na hiki kitu, hakuna aliyekiita urithi kwa sababu bado kinafuliwa Jumamosi. Nilimwambia hivyo, akasema nikitaka waweke niwanunulie mimi. Nikanunua moja, la kwangu, lenye jogoo mwekundu, sikuomba apunguze.

Jioni akanishikisha sindano. Akaangalia mnyororo wangu akasema wewe una haraka ya mashine. Akafumua. Nikaanza tena. Alinipikia ugali wa udaga na sangara wa nazi, na nilipotaka kuacha kitu akanifungia michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vibichi) ya kuondoka nayo.

Jumanne: kurudi

Basi la asubuhi, hakuna lililotokea, nimelala mpaka Nzega.

Mteja alikuja Alhamisi. Nikamwonyesha video ya yule bibi, akaangalia mara tatu, akasema huyu ana sura ya bibi yangu. Tumekubaliana: kaniki, imefungwa begani kushoto, mkanda wa shanga wa nne nne ambao nimeshauanza na unanimaliza macho, bangili za waya, miguuni njuga ndogo. Taji hakuna. Alilia kidogo habari ya taji, dada zake wote walivaa. Nikamwambia muulize bibi yako kwanza, akapiga simu palepale, akaweka spika, bibi akasema kwa Kisukuma kitu kirefu, yeye akajibu "haya bibi" akakata. Hakunitafsiria na mimi sikuuliza. Ila ameomba gauni la pili la kubadilisha saa nne usiku, la dhahabu, lenye mkia, na hilo nitamshonea kama anavyotaka.

Gharama kwa wanaouliza: kwenda na kurudi 90,000, malazi yote 75,000, chakula na usafiri wa ndani kama 60,000, kaniki 28,000, shuka 60,000. Shanga nimezinunua Dodoma, Mwanza bei ni ileile. Wenye kulenga Bulabo wapige parokia wiki mbili kabla waulize tarehe, maana inafuata kalenda ya kanisa na kila mwaka inahama, na Kisesa gesti zinajaa kuanzia Ijumaa. Na mwenye kujua sehemu inayouza uzi wa pamba mzito wa kushonea shanga, ule usiokatika, aniambie, huu wa nailoni unakata vidole.